Aliyeacha Uhasibu Akafuata Uuguzi: Historia Yetu Inasemaje?



Mfungo Mosi mwaka jana alikuja dukani kwetu bi harusi mtarajiwa kupimwa gauni lake la nikaha. Tulikuwa tumeshakata kitambaa, yamebaki mikono na shanga za kifuani. Tulipomtazama usoni tukaona macho mekundu. Tukadhani ni mambo ya mahari, kumbe ni mambo ya chuo. Alikuwa mwaka wa pili wa uhasibu, na alikuwa ameamua kuuacha, ahamie chuo kingine akasome uuguzi. Mchumba wake alikubali. Mama wa mchumba hakukubali. Alisema hakumposea mwanawe mke wa kwenda kulala spitali na wanaume. Na kwao bibi harusi nako walimwambia kuwa amepoteza miaka miwili ya ada, na kwamba mtu anayehama kozi hajui anachokitaka.

Akatuuliza, "Dada zangu, nimekosea?"

Sisi ni mafundi wa cherehani. Tumeishia sekondari, kisha tukasoma kozi ya ushonaji, basi. Lakini dukani kwetu gauni za harusi huning'inia upande mmoja na yunifomu nyeupe za manesi upande wa pili, na mara nyingi mwenye gauni na mwenye yunifomu ni mtu mmoja. Kwa hiyo swali lake lilituganda. Tulipofunga duka tukawa tunasoma, tunauliza masheikh, tunauliza manesi wateja wetu. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tumeona tusimwambie yeye peke yake.

Hema lililopigwa msikitini

Tuanzie Madina, maana mkwe alianza na dini.

Mwaka wa 5 Hijria, katika vita vya Khandaq, Sahaba Saad bin Muadh, radhi za Allah ziwe juu yake, alipigwa mshale wa mkononi. Mtume, rehma na amani zimshukie, hakuamuru apelekwe mbali. Aliamuru lipigwe hema ndani ya msikiti wake ili awe anamzuru kwa karibu. Katika mapokezi anatajwa mwanamke aliyekuwa akiwatibu majeruhi na kuwatumikia wasiokuwa na wa kuwaangalia. Jina lake ni Rufaida, wa kabila la Aslam. Dada zetu, zingatieni palipopigwa hema. Halikupigwa uchochoroni wala nje ya mji. Lilikuwa msikitini, watu wakiingia na kutoka kusali, na mwanamke anajulikana kwa kazi yake.

Wala hakuwa peke yake. Ummu Atiyya, mwanamke wa Kiansari, alisimulia mwenyewe kuwa alitoka na Mtume katika vita saba. Alikuwa akibaki nyuma kwenye mizigo, akipika, akiwatibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa. Huyu ndiye yule yule tunayemsikia katika darsa za kuosha maiti, kwani alikuwemo kati ya wanawake waliomuosha binti wa Mtume. Na Rubayyi binti Muawwidh alisimulia kuwa wao wanawake walikuwa wakiwapa watu maji na kuwarudisha majeruhi na waliouawa Madina. Haya yamo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Si maneno ya mitaani.

Mkufu wa msichana wa Kighifari

Katika sira kuna kisa kimoja ambacho tungependa kila bi harusi akijue.

Mtume alipokuwa anatoka kwenda Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, wanawake wa kabila la Ghifar walimwendea wakaomba ruhusa wafuatane naye, wawatibu majeruhi na kuwasaidia Waislamu kwa wanachokiweza. Akawaruhusu na akawaombea baraka. Kati yao alikuwemo msichana mdogo, akapakiwa nyuma ya Mtume juu ya tandiko la ngamia. Waliposhuka, msichana akaona damu kwenye tandiko. Ndiyo hedhi yake ya kwanza. Akajikunja kwa haya. Mtume alipomuona vile alielewa. Hakumkaripia wala hakumrudisha kwao. Alimwelekeza achukue chombo cha maji, atie chumvi, aoshe tandiko, kisha arudi kwenye kipando chake.

Khaybar ilipofunguliwa, wale wanawake walipewa kitu katika ngawira. Msichana yule alipewa mkufu, na Mtume alimvisha shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Imesimuliwa kuwa hakuuvua mpaka alipokufa, na aliusia azikwe nao. Na kila alipojitwaharisha alitia chumvi katika maji, akausia maji ya kumuoshea maiti yake nayo yatiwe chumvi.

Sisi tunaouza mikufu ya harusi tulipokisoma kisa hiki tulinyamaza wote. Msichana aliyetoka kwao kwenda kuhudumia majeruhi, akapatwa na jambo la kike mbele ya watu, akasitiriwa na akaendelea na safari. Basi anayesema kuwa kazi hii na haya haviko pamoja, kaitoa wapi?

Hofu yenyewe imetoka wapi?

Hofu ya mkwe si ya kuidharau. Ni kongwe, na tumeikuta hata kwa watu wasiokuwa wa dini yetu.

Uingereza ya miaka ya 1840, nesi wa hospitali alikuwa na jina baya. Alisemwa mlevi, mchafu, asiye na adabu. Watu wenye uwezo waliuguziwa majumbani mwao, na hospitali ilikuwa ya maskini. Florence Nightingale, aliyezaliwa mwaka 1820 katika familia tajiri, alipowaambia wazazi wake kuwa anataka kuwa muuguzi, nyumba nzima iliwaka moto. Yeye alikuwa amefundishwa lugha, historia na hisabati, kisha akae angoje mume kama mabinti wengine wa matajiri. Alisubiri miaka. Mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 31, ndipo alipopata nafasi ya kwenda Kaiserswerth, Ujerumani, kujifunza uuguzi kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mwaka 1853 akakabidhiwa hospitali ndogo ya wanawake London. Mwaka uliofuata, vita vya Crimea vikiwa vimepamba moto, akaenda na wanawake 38 kuhudumia askari katika kambi ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul, nchi ya Khalifa.

Yale mafunzo aliyoyapata kabla ya uuguzi hayakupotea. Hisabati yake ndiyo aliyoitumia kuhesabu vifo, akawaonyesha wakubwa wa serikali kwa michoro kuwa askari wengi waliuawa na maradhi na uchafu kuliko majeraha ya vita. Mwaka 1860 ikafunguliwa skuli ya wauguzi kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas', London. Skuli ile ilisisitiza mafunzo, usafi na nidhamu, na wanafunzi walikaa katika nyumba yao chini ya usimamizi. Jina baya la unesi halikuondoka kwa mabishano. Liliondoka kwa sababu wazazi waliona mabinti wao wanasoma mahali palipo na utaratibu.

Wakati ule ule alikuwepo mwanamke mwingine, na huyu tunampenda zaidi kwa sababu ni wa kisiwani na ni mfanyabiashara kama sisi. Mary Seacole alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1805. Mama yake alikuwa na nyumba ya wageni na alijua dawa za miti shamba. Mary alikulia humo, akafanya biashara, akauguza wagonjwa wa kipindupindu na homa ya manjano. Alipokwenda London kuomba apelekwe Crimea, alikataliwa. Akafunga safari kwa gharama zake, akafungua karibu na Balaclava nyumba ya kuuza chakula na vitu, huku akitibu askari. Vita vilipomalizika mwaka 1856 alibaki na bidhaa zisizonunulika, akafilisika. Mwaka uliofuata akaandika kitabu cha maisha yake. Hakuwa na cheti. Alikuwa na mikono inayojua kazi.

Waislamu wa Istanbul

Miaka 60 hivi baada ya Nightingale kuondoka Scutari, katika mji ule ule, wanawake wa Kiislamu wenyewe waliingia wodini. Dk. Besim Ömer, daktari wa uzazi, alisimamia kozi za uuguzi kwa wanawake kupitia Hilali Nyekundu. Kati ya waliotangulia alikuwa Safiye Hüseyin, mwanamke wa familia kubwa, aliyewahudumia majeruhi wa vita vya Balkan, kisha wa Gallipoli katika meli iliyogeuzwa hospitali. Huko pia watu walisema. Lakini majeruhi walikuwa waume, kaka na watoto wao wenyewe, na aliyemkataza mkewe jana leo alimwona nesi akimfunga mwanawe bendeji.

Hata Saudi Arabia, mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilifunguliwa skuli za uuguzi za wasichana Riyadh na Jeddah. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa wachache wa kuhesabika, lakini walikuwepo.

Waliokuwa na shahada wakaanza upya

Turudi kwenye neno la pili aliloambiwa bi harusi wetu, kuwa amepoteza miaka miwili.

Mwaka 1918, vita vikuu vya kwanza vikiwa bado havijaisha, Marekani ilikosa wauguzi. Chuo cha wanawake cha Vassar, katika jimbo la New York, kikafungua kambi ya mafunzo wakati wa likizo ya kiangazi. Walioitwa hawakuwa wasichana wa kuanza masomo. Walikuwa wanawake waliokwisha kumaliza vyuo, wengine walimu, wengine wamesoma lugha au historia. Walikuja zaidi ya 400 kutoka vyuo mbalimbali. Walisoma nadharia kwa miezi mitatu, kisha wakatawanywa katika hospitali kumalizia mafunzo kwa vitendo. Na kwa sababu walikuwa na shahada tayari, muda wa mafunzo yao ulipunguzwa, haukuwa miaka mitatu kamili kama wengine.

Yaani elimu yao ya mwanzo ilihesabiwa. Hakuna aliyewaambia hawajui wanachokitaka. Waliambiwa wanahitajika.

Sisi katika ushonaji tunajua jambo hili. Gauni likifumuliwa, kitambaa hakitupwi. Utapoteza uzi na muda, na pengine sentimita mbili za mshono. Kitambaa bado ni chako.

Na sisi huku Unguja na Pemba

Visiwani kwetu mwanamke anayeuguza hakuwa kitu kigeni hata siku moja. Mkunga alikuwa mtu wa heshima. Aliitwa usiku wa manane, alipita vichochoro na taa yake, na hakuna aliyemuuliza mumewe kamruhusu vipi. Alikaa na mzazi, akamchua, akamwogesha, akahesabu naye siku mpaka arubaini. Hata somo wa bi harusi kazi yake ina uuguzi ndani yake, maana anamfunza binti kuujua mwili wake.

Kilichokuwa kigeni ni hospitali. Wamisionari wa Kianglikana walijenga hospitali Mkunazini, jirani na kanisa lao lililosimama palipokuwa soko la watumwa. Tajiri wa Kihindi, Tharia Topan, aliweka jiwe la msingi la jengo zuri la Mizingani mwaka 1887 liwe hospitali, akafariki kabla halijamalizika mwaka 1894. Ndilo lile tunaloliita Dispensari ya Zamani. Kwa Muislamu wa wakati ule, spitali ilikuwa mahali pa mgeni, dini ya mgeni na lugha ya mgeni. Kumtoa binti akafanye kazi humo usiku lilikuwa jambo zito. Hatuwalaumu mabibi zetu.

Skuli ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa Unguja mwaka 1927, wazazi waliridhia taratibu kazi ya ualimu, kwa sababu mwalimu hufanya kazi mchana, anafundisha wasichana wenzake, na jioni yupo kwao. Uuguzi ukabaki nyuma kwa sababu ya zamu za usiku na wodi za wanaume. Ndipo likazaliwa jambo la ajabu ambalo tunalo mpaka leo: mkunga anaheshimiwa na nesi anatiliwa shaka, na kazi karibu ni ile ile.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu yalifanywa ya bure, na hospitali ya Mnazi Mmoja ikaitwa V.I. Lenin kwa miaka mingi. Mwaka huo huo walianza kuja madaktari kutoka China, na mpaka leo wanakuja. Kazi ikazidi, na mabinti wa visiwani wakaingia wodini kwa wingi. Mbweni kikawepo chuo cha sayansi za afya, ambacho miaka ya 2010 kilijumuishwa katika Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Na jambo lililomchekesha bi harusi wetu tulipomwambia ni hili: chuo cha fedha cha Chwaka nacho kiliingizwa humo humo SUZA. Uhasibu na uuguzi sasa wanakaa nyumba moja!

Leo mwanamke wa Kizanzibari akienda kujifungua anaomba jambo moja: ahudumiwe na mwanamke mwenzake, amsitiri. Tunalitaka sote. Lakini nesi huyo wa kike atatoka wapi ikiwa kila mkwe atamkataza mkamwana wake? Tunaomba stara wodini, na huku tunawafungia mlango wanaoileta.

Kabla hujaandika barua ya kuhama

Historia ni ya kutupa moyo, lakini haijazi fomu. Dada unayefikiria jambo hili, sikiliza tuliyoambiwa na waliopita njia hii.

Kwanza, toa cheti chako cha kidato cha nne ukitazame. Kwa stashahada ya uuguzi na ukunga, vyuo vyetu huangalia kama umefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia. Bi harusi wetu alikuwa na masomo hayo, alikwenda uhasibu kwa sababu ndiyo nafasi aliyoipata mwanzo. Ikiwa huna, usiache ulipo kwa matumaini matupu. Rudia mitihani kwanza.

Pili, usidhani masomo yako ya nyuma yatahesabiwa kama ya wanawake wa Vassar. Kwa kawaida utaanza mwaka wa kwanza. Uliza, na jibu lichukue kwa maandishi. Kama una mkopo, waulize wenye mkopo kabla hujaondoka, si baada.

Tatu, nenda kakae siku moja karibu na nesi aliye kazini. Kazi hii ina matapishi, ina damu, ina maiti, ina ndugu wa mgonjwa wanaokutukana. Usiifuate kwa kupenda yunifomu. Yunifomu tutakushonea sisi hata kama si nesi!

Nne, na hili ni la maharusi hasa. Liseme kabla ya akdi. Mwambie mchumba kuhusu zamu za usiku, kuhusu kupangiwa kazi Pemba au shamba, kuhusu mgonjwa mwanamume. Asije akasema hakujua. Mtume ametuhimiza kutimiza masharti ya ndoa kuliko masharti mengine yote, lakini wanavyuoni wanatofautiana ni sharti lipi linamfunga mume na lipi halimfungi. Kwa hiyo mwende kwa sheikh au kwa Kadhi, mliulize, mliandike vizuri. Aibu ya kuuliza ni ya siku moja.

Ilivyokuwa

Gauni lile lilining'inia dukani kwetu kwa miezi, maana harusi iliahirishwa. Tulilifunika shuka jeupe lisishike vumbi. Tusidanganyane, kuna siku tulidhani tutaliuza kwa mwingine.

Bi harusi alimwendea mkwe mwenyewe, na mama yake pembeni. Hakubishana. Alimsimulia kisa cha msichana wa Kighifari na mkufu wake. Kisha akamuuliza, "Mama, siku ulipojifungua mwanao, nani alikushika mkono?" Mkwe akamtaja nesi mmoja wa zamani, kwa jina lake na jina la baba yake.

Nikaha ilifungwa Mfungo Tatu. Sharti liliandikwa kuwa atamaliza masomo yake. Mkwe mpaka leo hajaridhia moja kwa moja, bado husema usiku ni usiku, na mwanawe amekubali kuwa usiku wa zamu atampeleka na kumfuata mwenyewe. Bi harusi yuko mwaka wa kwanza, kati ya wasichana aliowapita miaka mitatu. Anasema hesabu za dozi zinawatoa jasho wenzake, yeye anazimaliza mapema.

Yunifomu yake tulimshonea sisi, mikono mirefu, chini imefika kwenye kifundo, na mtandio wake mweupe. Hatukumtoza.

Allah awahifadhi wote walio wodini usiku huu, awape wagonjwa wetu shifaa, na awaongoze maharusi wetu katika lenye kheri nao. Amin.